Somo: Katika ukarabati wa nyumba, kitakachofunikwa kiamuliwe kwanza

Wakuu, kila nikikaa kuandika somo hili naikumbuka sebule yangu. Niliipiga rangi nzuri, nikanunua na mapazia ya kuendana nayo. Miezi mitatu baadaye bomba lililopita ndani ya ukuta uleule likaanza kuvuja, na fundi akatindua kuanzia dirishani mpaka konani. Rangi haikuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyeanza na kinachoonekana.

Hatua ya 1. Kagua nyumba mvua ikinyesha. Siku ya jua nyumba hukudanganya. Shika daftari, utazame paa, gata, mahali maji yanapodondokea na kona za dari. Andika kila alama ya njano, rangi iliyofura, na unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta.

Ukikuta unyevu, usikimbilie nyundo. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Majimaji yakiwa upande uliogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba uliokutana na ubaridi, na hapo unahitaji kupitisha hewa, si kubomoa. Nimeona watu wakipiga plasta upya mara mbili kwa shida iliyohitaji dirisha kufunguliwa.

Ufa nao uchunguze. Weka alama ya penseli pale unapoishia, andika tarehe pembeni, urudi baada ya wiki kadhaa. Ule mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu imenywea. Unaozidi kurefuka, au unaokata kimshazari toka kona ya dirisha na sarafu inaingia, muite mhandisi kabla ya kuuziba.

Hatua ya 2. Andika kinachokukera, si unachotaka kununua. "Nataka dirisha kubwa jikoni" ni jibu tayari. "Jiko lina giza" ndilo swali, na huenda likaisha kwa taa juu ya meza ya kukatia na kuta nyeupe.

Hatua ya 3. Chora kwa chaki sakafuni. Chora kitanda, makochi, jokofu, kwa vipimo vyake halisi. Kisha lala pale kwenye kitanda cha chaki unyooshe mkono: swichi ingekuwa wapi? Watoto watakucheka, wewe endelea. Kwa njia hiyo nilihamisha soketi nne bila kutumia hata msumari.

Choo ndicho kisumbufu kuliko vyote. Bomba la maji taka linataka mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukikisogeza choo mita 3, mwisho wa bomba lazima ushuke sentimita 6. Zitatoka wapi? Kama ni ghorofani, huenda zikatoka kwenye dari ya chumba cha chini. Ikiwezekana, kiache kilipo.

Hatua ya 4. Fedha. Tenga asilimia 10 hadi 20 ya makadirio kwa yasiyotarajiwa. Nyumba ikiwa kongwe, usiende chini ya 20. Wape mafundi wote orodha ileile ya kazi kwa maandishi, la sivyo utakuwa unalinganisha bei za vitu tofauti. Lipa kwa hatua, na ubakize sehemu ya mwisho mpaka kasoro zirekebishwe.

Hatua ya 5. Mpangilio. Paa kwanza, kisha kuta za kubomolewa na kujengwa, kisha mabomba na nyaya. Simama hapo. Mabomba yajaribiwe kwa presha, na kila ukuta upigwe picha ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Baada ya hapo ndipo plasta, dari, sakafu na rangi zifuate.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nataka kuondoa ukuta kati ya sebule na jiko. Fundi ameugonga kwa ngumi akasema haubebi kitu. Nimwamini?*

Mlio wa ngumi utamwambia kama ukuta una uwazi ndani, hautamwambia nini kimekaa juu yake. Panda darini uone kama boriti zimeulalia. Hata ukiona hazipo, mhandisi autazame kabla tofali la kwanza halijatoka.

*Nimepata vigae vya bei nafuu. Ninunue sasa hivi?*

Kama vipimo vimekamilika, nunua. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, 15 ukivilaza kimshazari. Hakikisha namba ya toleo ni moja kwenye maboksi yote, maana vigae vya jina moja hutofautiana rangi kidogo. Na usivigawe vitakavyobaki, ndugu yangu. Kimoja kikipasuka utavitafuta.

*Paa letu la zamani ni la asbesto. Fundi anataka kulikata kwa msumeno wa umeme.*

Msimamishe leo. Vumbi lake lina nyuzi zinazoingia mapafuni na kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Lisikatwe, lisikwanguliwe, lisivunjwe. Kuliondoa ni kazi ya wenye mafunzo na vifaa vyake. Na rangi za zamani sana msizipige msasa mkavu, huenda zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

*Mkuu, yote nimeelewa, ila wageni wanakuja Jumamosi na mama watoto anataka sebule ipakwe rangi. Bomba bado halijaguswa.*

Pakeni mlango wa mbele. Mlango hauna bomba.