Namna ya Kuhakiki Majibu ya Damu ya Mgonjwa Mahututi

Majibu ya maabara yakikinzana na hali ya mgonjwa aliye kwenye mashine za kumsaidia kuishi, uliza kwanza damu ilichukuliwa wapi na ni kitu gani kilikuwa kikipita kwenye mshipa huo.

Tuseme sukari imepanda ghafla, huku sodiamu, kalsiamu na himoglobini zimeshuka kwa pamoja, na mgonjwa yuko vilevile. Mara nyingi hiyo ni damu iliyochanganyika na dripu ya dekstrosi (maji yenye sukari), na insulini itakayotolewa kwa kuamini majibu hayo inaweza kumuua. Rudia kipimo kwa damu ya mkono usio na dripu. Ukilazimika kutumia mrija wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), mwaga kwanza damu isiyopungua mara 3 ya ujazo wa mrija, na uongeze zaidi kwa vipimo vya kuganda kwa damu iwapo mrija husafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Potasiamu ikiwa juu sana na kalsiamu chini sana, shuku kwamba damu imeguswa na EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyo ndani ya tyubu yenye kifuniko cha zambarau. Kumimina damu kutoka tyubu moja hadi nyingine ni kosa lisilo na udhuru. Maabara ikisema seli nyekundu zimepasuka, usiharakishe kuyatupa majibu, kwa kuwa kwa mgonjwa ambaye damu yake hutiwa oksijeni na mashine nje ya mwili, seli huweza kupasuka ndani ya mzunguko wa mashine hiyo na kumwaga potasiamu yake, na potasiamu hiyo ya juu ikawa ya kweli. Pima umeme wa moyo huku ukirudia sampuli. Himoglobini iliyomwagika vilevile hushusha kwa uongo kipimo cha anti-Xa, kinachoonyesha nguvu ya heparini kwenye damu, na anayeongeza heparini kwa kukifuata anaweza kumsababishia mgonjwa kuvuja damu.

Mashine hiyo ya kutia damu oksijeni ikirudisha damu kupitia ateri ya paja, pima gesi za damu kwenye mkono wa kulia, kwa sababu mguu unaweza kuonyesha oksijeni tele ilhali ubongo unaikosa.

Kipimo cha sukari cha kuchoma kidole hakiaminiki mgonjwa akiwa na mshtuko wa presha kushuka. Tumia damu ya ateri.

Kreatinini, taka ya damu inayotumiwa kupima kazi ya figo, nayo hutokana na misuli, kwa hiyo kwa aliyelala wiki nyingi na kukonda, namba ya kawaida inaweza kuficha figo zinazoshindwa. Ilinganishe na kiasi cha mkojo na mwelekeo wa vipimo vya nyuma.