Endesha baiskeli ukifuata magari, usiende kukutana nayo

Wadau, ukisimama kidogo tu pembeni ya barabara yoyote kubwa ya Dar utawaona, watu wa baiskeli wanapanda upande ambao magari yanashuka, uso kwa uso, na ukimuuliza mmoja kwanini anafanya hivyo atakwambia bora nilione gari linalonijia kuliko linigonge kwa nyuma bila kujua. Mi hii hoja siidharau. Mtu anaogopa asichokiona, hiyo ni kawaida ya binadamu, na wengi wetu shuleni tulifundishwa ukitembea barabarani shika kulia ili uyaone magari yanayokuja. Ila lile somo ni la mtembea kwa miguu. Wa miguu anaenda polepole, akiona hatari anapiga hatua moja tayari yuko kwenye majani. Baiskeli haina hatua ya pembeni, huwezi kuisogeza kiubavu, mpaka ukate usukani, uende mbele kidogo ndo uanze kutoka, na kama nyuma kuna gunia la mkaa au kreti za soda ndo kabisa.

Tupige hesabu kidogo. Gari linaenda spidi 50, ambayo ndo mwisho kisheria maeneo ya makazi, we na baiskeli yako uko kama 15. Mkiwa mnaelekea upande mmoja gari linakukaribia kwa 35 tu, mkiwa mnakutana mnajumlisha inakuwa 65. Tuseme dereva amekuona mkiwa mmeachana mita 50, akiwa nyuma yako ana kama sekunde 5 za kuamua afanye nini, mkiwa mnakutana hazifiki hata 3. Na ubaya wa kugongana haupandi taratibu kama spidi inavyopanda, unapanda kwa mraba, kwa hiyo pigo la 65 ni zaidi ya mara 3 ya pigo la 35. Halafu kuna jambo watu wengi hawalifikirii, ukiwa mbele yake mnaelekea kumoja na hamna nafasi ya kukupita, dereva anapunguza tu anakufuata nyuma mpaka upenyo upatikane, hamna aliyeumia. Mkiwa mnakutana kupunguza hakusaidii, hata akisimama kabisa we bado unamjia, lazima mmoja atoke barabarani.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haiko pale barabara iliponyooka, iko kwenye maingilio. Dereva anatoka mtaani, au anatoka sheli, anataka kuingia barabara kubwa akate kushoto. Nchi yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari yote ya kumhofia yanatoka kulia kwake. Anaangalia kulia, anaangalia kulia, anasubiri upenyo, akiupata anakanyaga mafuta huku kichwa bado kiko kulia. Na wewe unatokea kushoto. Hajakudharau wala hajalewa, kule unakotokea hakutakiwi kutokea kitu. Ndo maana ile ya kusema "mi namuona" haitoshi, swali ni je yeye anakuona, na kwenye kila ingilio jibu ni hapana. Sasa hesabu maingilio yaliyopo kutoka Mbagala mpaka Mtoni, vichochoro, magereji, sheli, vituo, ndo ujue unajiweka kwenye hilo jambo mara ngapi kwa safari moja.

Na kuna mwingine anayeumia ambaye wala hatajwi, mwendesha baiskeli mwenzio anayekuja upande sahihi. Mkikutana pale pembeni njia haiwatoshi wote, yeye ndo anasukumwa kuelekea katikati, na magari yako mgongoni kwake. Wewe unayaona, yeye hayaoni. Umemhamishia mwenzio hofu uliyokuwa unaikimbia wewe.

Najua kuna mtu atasema mbona Ulaya wanaruhusu. Kweli, Ufaransa tangu 2008 mitaa ya njia moja yenye spidi ya mwisho 30 kwa kawaida baiskeli inaruhusiwa kupita kinyume. Ila angalia masharti, ni mitaa midogo, spidi ndogo, na kuna kibao pamoja na michoro chini vinavyomwambia dereva kaa ukijua kuna baiskeli itakuja mbele yako. Kilichopo kule ni kwamba dereva anategemea baiskeli kumjia. Barabara ya Nyerere au Mandela haina hicho.

Sasa tufanyeje, mana kuambiwa tu nenda kushoto bila kuambiwa jinsi ya kuishi na hayo magari ya nyuma ni kumwacha mtu na hofu yake.

Kwanza usijibane ukingoni kabisa. Hili watu wanalikataa sana lakini nisikilize. Ukingo wa lami ndo wenye mchanga, chupa zilizovunjika, mifuniko ya mitaro iliyoibiwa, na pengine lami imemeguka imeacha kimo cha nusu tairi. Ukiendesha hapo unapepesuka kila saa kukwepa mashimo, na ile kupepesuka ndo inayokuua, dereva hajui dakika hii utatokea wapi. Acha kama mita moja kutoka ukingoni, endesha mstari ulionyooka, uwe unatabirika. Ukiwa na hiyo mita, gari likikupita karibu una pa kusogea, ukiwa umejibana huna. Kama kuna bega la lami safi pembeni ya mstari mweupe, tumia hilo, raha tupu, ila ujue foleni ikishika wenye haraka wanatanua humo humo, kwa hiyo masikio yawe wazi, na earphone zikae mfukoni.

Jifunze kugeuka nyuma bila baiskeli kuyumba. Tafuta uwanja wa mpira au mtaa mtulivu asubuhi ya jumapili, endesha sawa, geuza shingo uangalie nyuma ya bega la kulia, rudi mbele. Mwanzoni usukani utafuata kichwa, rudia mpaka usifuate. Ukishaweza hilo hofu ya mgongoni inapungua zaidi ya nusu, nawaambieni ukweli, mana hofu yenyewe ilikuwa ni ya kutoona. Mwenye mzigo mrefu asiyeweza kugeuka afunge saiti mira ya pikipiki upande wa kulia wa usukani, mafundi baiskeli wengi wanaifunga.

Daladala. Mlango uko kushoto, kituo kiko kushoto, na wewe uko kushoto. Ikikupita alafu konda akaanza kugonga bodi, jua inasimama mbele yako sasa hivi. Usijaribu kupenya kati yake na kituo, abiria anaruka kabla haijasimama vizuri na hakuangalii. Una njia mbili tu, subiri nyuma yake, au angalia nyuma, toa mkono wa kulia, upite kwa kulia ukiacha nafasi, na hapo pia mcheki dereva mana wanaondoka bila indiketa. Mi nakushauri subiri. Sekunde zile hazina thamani.

Malori ndo naomba tukae hapa kidogo. Barabara ya Mandela siku nzima ni semi na makontena ya bandarini. Dereva wa lori anakaa kulia juu kule, ubavu wote wa kushoto ana kioo tu, na kuna sehemu kubwa karibu na mlango wa kushoto na mbele ya bampa ambayo hata kioo hakiifikii. Ukiwa hapo haupo. Na semi ikikata kona kushoto, kichwa kinakwenda mbele kwanza kama kinanyoosha, unadhani kinaenda moja kwa moja, kumbe tela linakuja kwa ndani na tairi za nyuma zinapanda hadi ukingo wa barabara. Kwa hiyo kwenye mataa usipenye hata siku moja kushoto kwa lori lililosimama, hata kama nafasi inatosha, hata kama bodaboda wote wamepita hapo. Kaa nyuma yake, mahali ambapo unaiona saiti mira yake na ndani ya kioo unauona uso wa dereva. Huuoni uso, na yeye hakuoni. Likiwa linakupita barabarani, shika usukani kwa mikono miwili mana upepo wake kwanza unakusukuma nje, likimaliza kupita unakuvuta ndani, na upande wa kuvuta ndo kuna lori la pili linafuata.

Kukata kulia barabara kubwa ni pagumu, sitakudanganya. Kama barabara ni ndogo, angalia nyuma, toa mkono wa kulia, sogea taratibu karibu na mstari wa katikati, subiri, kata. Barabara ya njia nne au sita achana na hilo, vuka makutano moja kwa moja ukiwa kushoto, simama ng'ambo, shuka, kokota baiskeli kwenye zebra kama mtembea kwa miguu. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kwako, na ukishaingia usikae ukingoni kabisa labda kama unatokea njia ya kwanza, ukijibana pale kila gari linalotoka linakukatisha.

Sasa ile hali halisi, mana najua sababu kubwa ya watu kwenda kinyume wala si ubishi. Barabara zimegawanywa katikati kwa kingo na vyuma, duka liko mita 200 nyuma ya ulipotokea, na sehemu ya kugeuzia iko mbali sana huko. Morogoro Road ile ya mwendokasi unaijua. Mtu atakwenda mbali kote huko kwa pedali kwenye jua kwa ajili ya mita 200? Hataenda. Kwa hiyo fanya hivi, shuka ukokote pembeni, ukishashuka we ni mtembea kwa miguu na una haki ya kuwepo. Mita 200 za kukokota ni kama dakika 3. Ukishindwa kabisa kushuka basi tembeza kwa mwendo wa mguu, nje ya lami, na kila ingilio simama kabisa mpaka dereva akugeukie. Ukikutana na mwenzio anayekuja upande wake sahihi wewe ndo unayesimama na kutoka nje, asitoke yeye. Ila ndani ya njia ya mwendokasi usiingie hata kama iko tupu, yale mabasi yanakuja kwa kasi na hayana pa kukukwepea.

Na ukiwa uko sahihi alafu bodaboda anakujia kinyume, usikate kulia kwa kushtuka, huko ndo kuna gari. Punguza, piga kengele, shikilia mstari wako wa kushoto, ikibidi simama. Anayeweza kuona magari ni yeye, muache yeye ndo azunguke.

Madereva na nyie nawaomba. Uingereza kanuni zao za barabarani tangu 2022 zinasema ukimpita mwendesha baiskeli acha angalau mita 1.5, Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje ya mji. Hata bila kulazimishwa hiyo nafasi iache, na kama haipo subiri nyuma. Usipige honi ukiwa umeshamfikia ubavuni, atashtuka na akishtuka anayumba kwako, kama ni lazima piga mbali na kidogo. Ukitaka kukata kushoto usimpite kwanza alafu umchomekee, muache apite ndo ukate. Na kabla hujaingia barabara kubwa geuza shingo na kushoto pia, yani pamoja na yote niliyoandika juu bado watakuwepo wanaotokea huko, na kosa lake halimfanyi astahili kufa. Ukipaki pembeni, dereva fungua mlango kwa mkono wa kushoto, abiria wa kushoto kwa mkono wa kulia, yani ule mkono ulio mbali na mlango, mwili unageuka wenyewe na macho yanaangukia nyuma.

Usiku ni taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, basi. Dinamo inatosha ila ukisimama inazimika, hivyo weka riflekta pia, na zile za kwenye pedali usizing'oe, zinapanda na kushuka na dereva anajua mara moja hiyo ni baiskeli. Tatizo ni ndugu zetu wa mkaa wanaoshuka alfajiri kutoka Kisarawe kuja Pugu na Gongo la Mboto, magunia yanafunika riflekta ya nyuma yote, wanabaki kuwa kitu cheusi kwenye giza na mteremko. Dawa ni ndogo, ile stika nyekundu na nyeupe ya malori inauzwa kwenye maduka ya spea, kata vipande viwili, shona kwenye kitambaa, funga nyuma ya gunia la juu, ukishusha mzigo unafungua unaenda nacho. Kama kuna mtu anakuletea mkaa nyumbani, siku akija mwandalie kimoja umpe.