Kupanga Matumizi ya Kila Siku ya Mtoto Mchanga
Anzeni na nepi: mtoto mchanga huhitaji takriban 8 hadi 12 kwa siku, hivyo zidisheni bei ya moja kwa idadi hiyo, kisha kwa siku 30. Za kitambaa hupunguza gharama, lakini mtaa wenu ukitegemea maji ya mkokoteni, bei ya mitungi ya kufulia nayo iingizwe katika hesabu. Joto la Mombasa halihitaji nguo nzito, hata bibi akisisitiza kofia ya sufu. Leso chache na mitumba ya soko la Kongowea iliyofuliwa vyema zatosha. Kwa kuwa miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama pekee hutosha, fedha ya maziwa ya kopo ielekezwe katika chakula cha mzazi. Chanjo za kawaida hutolewa bila malipo katika zahanati za serikali, tengeni nauli.