Dirisha la kihisi cha UV lisiwe la plastiki angavu

Kihisi changu cha mionzi ya UV (miale ya jua ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho) kilikuwa kikisoma karibu sifuri jua likiwa la utosini, na kosa lilikuwa kwenye mfuniko wa kasha. Plastiki ya polikaboneti, hata ikiwa angavu kama maji, huzuia karibu mionzi yote ya UV, ilhali kihisi cha mwanga wa jua kilicho kando yake huendelea kusoma vizuri, na ndiyo maana kosa hili huchelewa kugundulika. Toboa tundu juu ya kihisi cha UV, kisha ulizibe kwa kipande cha tefloni nyeupe (plastiki isiyonata, kama ile ya vikaango) chenye unene wa nusu milimita hivi, ambacho hupitisha mionzi hiyo na pia huutawanya mwanga, hivyo hata jua lililoinama husomwa. Tefloni haishiki gundi (nilipoteza mirija miwili ya gundi ya silikoni kabla ya kukubali), kwa hiyo ibane kwa pete yenye skrubu juu ya mpira wa kuzuia maji. Mwanga utapungua kiasi, basi linganisha upya vipimo na kifaa unachokiamini. Mbinu hii hushindwa pale vumbi au kinyesi cha ndege kinapoachwa juu yake bila kufutwa.