Namna ya kuandaa jioni ya utamaduni chuoni, na wazee wakaja

Bango halimleti mzee. Mwaka wa kwanza tulibandika matangazo mlangoni mwa maktaba, wakaja wanafunzi watupu. Mwaka wa pili nilianza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, barua ya chuo mkononi, kisha nikapita nyumba kwa nyumba: hodi, shikamoo, kaa kitako, kunywa kahawa, ndipo useme lililokuleta.

Sisi huifanya jioni hii Februari, mwezi ambao Wamarekani weusi huadhimisha historia yao. Mbegu yake ni wiki aliyoianzisha mwanahistoria wao Carter G. Woodson mwaka 1926. Tazama kwanza Ramadhani inaangukia wapi. Zikigongana, fanya Januari, maana mwezi mtukufu ngoma hazipigwi. Anza baada ya sala ya alasiri, maliza kabla ya adhana ya magharibi. Tandika mikeka, lakini na viti viwepo. Magoti ya bibi zetu yanauma.

Waombe bibi waje na kanga zao za sandukuni. Tafadhali usizitundike ukutani. Kila bibi akae na wanafunzi wawili, kanga imetandazwa mapajani. Waanze na pindo, waje kwenye mji, yaani kati yake, wasome jina, yale maneno yaliyoandikwa, kisha waulize: alikupa nani, na uliivaa siku gani? Hapo ndipo jina hufunguka, kwa kuwa maneno yaleyale huwa shukrani kwa mama, au kijembe kwa jirani. Mwanafunzi aandike kama anavyosikia. Bibi wa Makunduchi akisema Kikae, lahaja ya kwao, kibaki Kikae; asimsahihishe kwa Kiswahili cha skuli.

Wengine watakwambia, "Mwanangu, mimi sikusoma." Nami huwasimulia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akafunzwa kuimba akiwa mtu mzima, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Nimeona nyuso zikibadilika.

Kidumbaki, taarab ya kuchezwa, kiwe mwisho, kwani kikianza hakuna atakayekaa kuzungumza. Mpiga sese, ala ya sanduku na uzi, aionyeshe kwanza, na watoto waujaribu uzi kwa vidole vyao.

Nauli ya daladala wape mkononi wanapoondoka. Baada ya wiki mpelekee kila bibi nakala ya maneno yake. Kama hasomi, mjukuu amsomee mbele yako, naye akuonyeshe ulipokosea.