Shughuli yako ijulikane mtandaoni: aina, saa na wahusika

Natunza kalenda ya shughuli za Unguja mtandaoni: maulidi, taarabu, ngoma, harusi. Tangazo likiandikwa vizuri mtu hulielewa, lakini kompyuta mpaka uiambie lipi ni jina, ipi ni saa na nani mwenyeji. Hapo ndipo ontolojia inapofaa, yaani mpangilio wa aina za vitu na uhusiano wake ambao wengi wameukubali. Mimi natumia Schema.org, iliyoanzishwa 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, kwa kuwa injini za kutafutia zinaisoma.

Kwanza chagua aina. Ya juu kabisa ni Event. Chini yake zimo MusicEvent, DanceEvent, Festival, SocialEvent na nyinginezo. Chukua iliyo finyu kadiri inavyosema kweli. Taarabu ya ukumbini ni MusicEvent, harusi ni SocialEvent. Maulidi yaache kwenye Event tu, kisha uyaeleze kwenye description, yaani sehemu ya maelezo. Tafadhali usiyaite MusicEvent kwa sababu ya dufu: wanaosoma Barzanji hawakuja kutumbuiza.

Harusi ya kwetu haimaliziki kwa tangazo moja. Kuna hina, kuna nikahi msikitini, kuna shughuli ya wanawake ukumbini, na kila moja ina mahali pake na watu wake. Tengeneza Event mama ya harusi nzima, halafu kila shughuli iwe Event yake iliyofungwa kwa mama kwa superEvent, sehemu inayotaja shughuli kubwa iliyoibeba. Kwenye ile ya wanawake jaza audience (walengwa), na ndani yake suggestedGender (jinsia yao), ili mwanamume asifunge safari ya bure.

Sasa saa, na hapa usifanye haraka. Tuseme kadi inasema: “usiku wa kuamkia Ijumaa, 12 Juni 2026, saa mbili u nusu.” Kwetu siku huingia magharibi, kwa hiyo usiku huo tayari ni wa Ijumaa. Kompyuta hubadilisha siku saa sita ya usiku, na kwake huo bado ni usiku wa Alhamisi, tarehe 11. Saa nazo huzihesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili u nusu usiku ni 20:30. Andika hivi:

"startDate": "2026-06-11T20:30:00+03:00"

Ile +03:00 ni saa za Afrika Mashariki. Usiiache, maana jamaa aliye Muscat yuko mbele yetu kwa saa moja, na simu yake itamgeuzia yenyewe. Maneno ya kadi yabakize vilevile kwenye description, kwa sababu mgeni wa hapa ndiyo anayoyaelewa.

Shughuli zinazofuata mwezi, kama maulidi ya Mfunguo Sita, ziwekee tarehe inayotarajiwa na useme wazi kwamba inategemea kuandama kwa mwezi. Tarehe ikisogea, badilisha startDate, ile ya kwanza ihamishie kwenye previousStartDate, na eventStatus iwe EventRescheduled. Kisha pitisha yote kwenye validator.schema.org uone kama kuna kosa. Anwani ya ukurasa ibaki ileile: walioihifadhi simuni waikute tarehe mpya palepale, wasitafute upya.