Chakula Baridi cha Pikiniki: Ubaridi Huanzia Nyumbani

Sanduku la barafu halipozi chakula. Kazi yake ni kutunza ubaridi uliokwisha kuingia. Kuku wa moto akitiwa humo ataiyeyusha barafu, na mwenyewe atabaki vuguvugu hadi wakati wa kula. Kwa hiyo pika siku moja kabla, na kila kitu kilale kwenye friji usiku kucha.

Bakteria huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Nyama, mayai, saladi na matunda yaliyokatwa visikae nje ya baridi zaidi ya saa 2. Joto la hewa likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Muda wa safari nao unahesabiwa ikiwa chakula kimebebwa kwenye kikapu kisicho na barafu.

Kwa mtu mzima kadiria vipande 3 vya mkate, gramu 150 za saladi, yai 1, tunda 1 na lita 1 ya maji, na zaidi jua likiwa kali. Saladi ya aina moja yatosha. Wanaobeba aina nne hurudi na nusu ya kila moja.

Saladi tunayoipendekeza ni ya viazi, kwa sababu hustahimili kulala. Kwa watu 6, kata kilo 1 ya viazi vipande vya sentimita 3, vianze kwenye maji baridi yenye chumvi, na tangu maji yachemke hesabu dakika 10 hadi 15, mpaka ncha ya kisu ipenye bila nguvu. Chuja, kisha vingali moto vinyunyizie vijiko 2 vikubwa vya siki. Kiazi cha moto hufyonza. Kikishapoa, siki hubaki juu juu. Vitandaze kwenye sinia vipoe haraka, maana vikirundikwa katikati hubaki na joto kwa muda mrefu. Mayonezi, vijiko 6 hivi, ingoje hadi viwe baridi kabisa, la sivyo itakatika na kutoa mafuta. Asubuhi onja tena: ubaridi hufifisha ladha, na saladi iliyokolea jana huenda leo ikahitaji chumvi na ndimu.

Ukipendelea tambi, zichemshe dakika moja zaidi ya ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwani hukakamaa zikipoa. Wali tungeuacha nyumbani. Una bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa na uvuguvugu hutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto.

Mayai: dakika 10 kwenye maji yanayochemka, kisha maji ya barafu. Yabebe na maganda yake, yamenywe mkiwa tayari kula.

Sandwichi huharibiwa na maji. Paka siagi pande zote mbili za ndani hadi ukingoni, maana mafuta huzuia unyevu usiingie kwenye mkate. Weka jibini au kuku baridi aliyechambuliwa, funga kwa kukaza kwenye karatasi ya kuokea. Nyanya zisafiri kwenye kibweta chake, zitiwe mlipofika. Tango likatwe, linyunyiziwe chumvi, likae dakika 15, kisha likaushwe kwa kitambaa safi. Hatua hii ndogo huokoa mkate mzima.

Usiku huohuo gandisha chupa za plastiki za maji, zikiwa zimejazwa robo tatu tu kwa sababu maji hutanuka yakiganda. Hizo ndizo barafu yenu, na zikiyeyuka mtazinywa. Panga chupa chini, kisha saladi na mayai, sandwichi juu zisibonyezwe, na chupa nyingine juu kabisa, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Nafasi zilizobaki zijaze vitambaa. Vinywaji viwe na sanduku lao. Hilo hufunguliwa kila mara, na kila likifunguliwa ubaridi hutoka.

Mkifika, sanduku likae kivulini, si ndani ya gari. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupakua, na toa nusu ya saladi kwanza. Nyingine ibaki kwenye barafu. Kilichobaki sandukuni kikiwa bado baridi kwa kugusa, na chupa zina barafu, kirudisheni kwenye friji. Kilichokaa mkekani kupita muda wake kimwagwe, hata kama kinanukia vizuri.